Montgomery, Albany, Birmingham au Selma: kampeni ipi ya Martin Luther King uifundishe?

Mwalimu wa historia, mlezi wa vijana kanisani au kiongozi wa klabu ya mdahalo akipewa vipindi vinne vya kumzungumzia Martin Luther King, mara nyingi hukimbilia hotuba ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963. Ni rahisi kuipata, ni tamu masikioni, na dakika zake kama 17 zinaenea kwenye kipindi kimoja. Lakini hotuba haioneshi kazi ilivyofanyika. Mwanafunzi anatoka darasani akijua King alikuwa msemaji hodari. Hajui nani alilipa dhamana, nani alipanga magari, wala kwa nini mji mmoja ulisalimu amri na mwingine ukamchezea shere.

Kazi yenyewe imo kwenye kampeni. Hapa tunaziweka nne bega kwa bega: Montgomery, Alabama (Desemba 1955 hadi Desemba 1956), Albany, Georgia (mwishoni mwa 1961 hadi Agosti 1962), Birmingham, Alabama (Aprili na Mei 1963), na Selma, Alabama (Januari hadi Machi 1965). Chicago na Memphis zinakuja mwishoni, kwa kifupi. Si ndogo, ila anayeanza nazo bila kuzijua hizi nne atapotea njiani.

Kipimo tunakitoa kwa King mwenyewe. Katika barua aliyoiandika akiwa jela ya Birmingham, yenye tarehe 16 Aprili 1963, alitaja hatua nne: kukusanya ukweli kuhusu dhuluma, kujadiliana, kujitakasa (yaani kujizoeza kupigwa bila kurudisha), kisha ndipo kuingia mitaani. Waandikie wanafunzi hatua hizo ubaoni na uziache zikae hapo kwa vipindi vyote. Kila mji waulize: hapa ni hatua gani ilirukwa?

Lengo: jambo moja au mambo yote?

Hapa ndipo tofauti ya Montgomery na Albany inapojitokeza wazi, na ndipo wanafunzi wengi hushtuka.

Madai ya kwanza ya Montgomery, ambako weusi walisusia mabasi ya mji, yalikuwa ya upole mno. Hayakutaka ubaguzi kwenye mabasi ufutwe. Yalitaka mambo matatu: madereva wawe na adabu kwa abiria weusi, weusi wajaze viti kuanzia nyuma na weupe kuanzia mbele, anayewahi akae, bila mtu kuinuliwa, na madereva weusi waajiriwe kwenye njia zenye abiria wengi weusi. Manispaa ikakataa hata hayo. Ukaidi huo ndio uliofungua mlango mkubwa zaidi: tarehe 1 Februari 1956, siku mbili baada ya nyumba ya King kutupiwa bomu, wakili Fred Gray alifungua kesi shirikisho akitaka sheria yenyewe ya ubaguzi ibatilishwe.

Albany ilifanya kinyume chake. Walidai kila kitu kwa mkupuo: stendi, mabasi, maktaba, bustani, ajira, polisi. Ukidai kila kitu, mpinzani hana pa kuanzia kukubali, na wewe huna pa kutangaza ushindi mdogo wa kuwatia watu moyo. King alikiri baadaye kwamba lilikuwa kosa kuushambulia ubaguzi kwa ujumla badala ya kuchagua eneo moja.

Birmingham ilikuja na orodha fupi: kaunta za chakula, vyumba vya kujaribia nguo, vyoo na mabomba ya maji ya kunywa kwenye maduka ya katikati ya mji, weusi waajiriwe kama wauzaji na makarani, waliokamatwa wafutiwe mashtaka, na iundwe kamati ya mazungumzo ya weusi na weupe. Makubaliano ya tarehe 10 Mei yaliwekewa ratiba: vyumba vya kujaribia nguo ndani ya siku 3, vibao vya vyooni na kwenye mabomba ndani ya siku 30, na kaunta za chakula ndani ya siku 60, siku hizo za 30 na 60 zikihesabiwa tangu mahakama itakapoamua ni halmashauri ipi halali ya mji. Mwanafunzi akiiweka ratiba hii kando ya orodha ya Albany, huhitaji kumweleza zaidi.

Selma ndiyo finyu kuliko zote: kujiandikisha kupiga kura, basi. Katika kaunti ya Dallas, weusi walikuwa kama nusu ya watu wote, lakini wenye haki ya kuandikishwa walikuwa takriban 15,000 na walioandikishwa kama 300 tu. Ofisi ya uandikishaji ilifunguliwa siku mbili kwa mwezi.

Nani aliumia mfukoni?

Kwenye basi la Montgomery, kama robo tatu ya abiria walikuwa weusi. Walipoacha kupanda tarehe 5 Desemba 1955, kampuni ilianza kupoteza fedha siku hiyohiyo. Kufikia Aprili 1956 ilikuwa tayari kuachana na ubaguzi. Ni manispaa iliyokwenda mahakamani kuilazimisha iendelee nao. Darasa lisimame hapa kidogo. Waliosusia mabasi walimshinda mwenye mabasi, lakini mwenye mabasi hakuwa na sheria mkononi. Kilichoimaliza manispaa ni kesi ya Browder dhidi ya Gayle, iliyoamuliwa na mahakama ya wilaya tarehe 5 Juni na kuthibitishwa na Mahakama ya Juu tarehe 13 Novemba 1956. Kwa hiyo kusema siku 381 za kutembea kwa miguu ndizo zilizofuta ubaguzi ni nusu ya ukweli. Walalamikaji wa kesi ile walikuwa wanawake wanne, Aurelia Browder, Susie McDonald, Claudette Colvin na Mary Louise Smith, na Rosa Parks, ambaye kukamatwa kwake ndani ya basi ndiko kulikoanzisha mgomo, hakuwa mmoja wao.

Birmingham walilenga wenye maduka kabla ya Pasaka, msimu wa pili kwa ukubwa wa kununua nguo baada ya Krismasi. Wyatt Tee Walker, mpangaji mkuu, alipima ni dakika ngapi mtoto na mzee wangetumia kutembea kutoka Kanisa la Baptisti la Mtaa wa 16 hadi madukani, na alihesabu viti vya kaunta za chakula. Mwenye duka akipoteza wateja huenda mwenyewe kumwambia meya, hahitaji kuhubiriwa.

Albany mashinikizo yalielekezwa kwa halmashauri ya mji, iliyochaguliwa na wapiga kura weupe na isiyopoteza hata senti kwa maandamano. Selma nayo haikutegemea mfuko wa mtu. Ilitegemea Washington ione.

Mpinzani: aliyesoma na asiyesoma

Usipokuwa na muda wa mambo mengine, tumia hapa.

Laurie Pritchett, mkuu wa polisi wa Albany, alijiandaa kama mwanafunzi wa mtihani. Alisoma kuhusu mbinu ya Gandhi, akaelewa kwamba silaha ya waandamanaji ni kuzijaza jela, kisha akapanga na kaunti za jirani ziwapokee mahabusu. Watu zaidi ya 1,000 walikamatwa na jela ya mji haikujaa. Aliwaamuru askari wake wasipige mtu mbele ya kamera. King alipohukumiwa Julai 1962 siku 45 au faini ya dola 178 na akachagua jela, mtu asiyejulikana aliilipa faini ile, wakamtoa. Ralph Abernathy, aliyekuwa naye, alitania kwamba wamewahi kufukuzwa sehemu nyingi, lakini jela ndiyo mara ya kwanza.

Eugene "Bull" Connor wa Birmingham alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Tarehe 3 Mei 1963, karibu na bustani ya Kelly Ingram, aliwafungulia vijana mabomba ya zimamoto yenye nguvu ya kubandua maganda ya miti, na akaleta mbwa. Picha zilifika kila nchi yenye magazeti. Jambo moja husahaulika: kampeni ilisubirishwa hadi uchaguzi wa meya wa tarehe 2 Aprili upite, kusudi maandamano yasimpe Connor kura za woga. Alishindwa, akakataa kuondoka ofisini, na kwa wiki kadhaa mji ukawa na serikali mbili.

Selma iliwapata wote wawili katika mji mmoja. Wilson Baker, msimamizi wa usalama wa mji, alitaka kufanya kama Pritchett. Sherifu Jim Clark, aliyevaa beji yenye neno "Kamwe" kwa Kiingereza, alitawala ngazi za mahakama ya kaunti. Barabara zilikuwa za Baker, ngazi zilikuwa za Clark, na ofisi ya uandikishaji ilikuwa ndani ya jengo la Clark. Waandamanaji walielekea ngazini. Tarehe 19 Januari 1965 Clark alimkamata Amelia Boynton, mwanaharakati wa Selma, kwa ukosi wa koti na kumsukuma barabarani, picha ikapigwa.

Wanafunzi wakali watauliza: basi walikuwa wanatafuta kupigwa? Usilikwepe swali hilo. Majibu ya King kwenye barua ya Birmingham ni kwamba mvutano ulikuwapo tayari, wao waliuleta juu uonekane. Mwache mwanafunzi apime kama jibu linamtosha.

Amri ya zuio: kutii au kukaidi?

Hakuna kipengele kinachoonesha fikra za King vizuri kama hiki, na vitabu vya shule hukiruka.

Albany, Julai 1962, jaji wa mahakama ya shirikisho J. Robert Elliott alizuia maandamano. King alitii, na kasi ya harakati ikakatika. Birmingham, tarehe 10 Aprili 1963, zuio lilitoka mahakama ya jimbo. King alilikaidi, akaandamana Ijumaa Kuu tarehe 12 Aprili, akakamatwa. Tofauti ilikuwa katika mahakama: za shirikisho ndizo zilizowapa Browder, hivyo aliona kuzikaidi ni kukata tawi alilokalia, za majimbo ya Kusini zilitumika kuchelewesha tu.

Selma kuna zote mbili. Jaji wa jimbo, James Hare, alikuwa amepiga marufuku mikusanyiko ya haki za kiraia ya watu watatu au zaidi tangu Julai 1964. Mkutano wa King katika kanisa la Brown Chapel tarehe 2 Januari 1965 uliikaidi amri hiyo waziwazi. Lakini tarehe 9 Machi, siku mbili baada ya Jumapili ya Damu, polisi walipowapiga waandamanaji darajani, amri ilitoka kwa jaji wa shirikisho Frank Johnson. King aliwaongoza watu hadi ng'ambo ya daraja la Edmund Pettus, wakapiga magoti, wakasali, akawageuza. Vijana wa SNCC, shirika la wanafunzi wa harakati, walikasirika sana, na wengine hawakumwamini tena. Wiki iliyofuata, tarehe 17 Machi, jaji huyohuyo aliruhusu maandamano.

Ukaidi una bei. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilishikilia adhabu ya Birmingham, na King akarudi jela ya Alabama mwaka huo kutumikia kifungo cha siku 5.

Jela, dhamana na watoto

Asubuhi ya Ijumaa Kuu 1963, katika chumba namba 30 cha Gaston Motel, King aliambiwa mfuko wa dhamana umekauka. Watu walikuwa jela wakimtegemea yeye azunguke kuchangisha. Akijipeleka jela, nani atawatoa? Aliingia chumba cha ndani kusali peke yake. Alipotoka alikuwa amebadilisha suti na kuvaa nguo za jinzi za kazi, na hapo wote wakajua jibu. Mwanamuziki Harry Belafonte alichangisha fedha, na baadaye vyama vya wafanyakazi vya Marekani vikaongeza. Harakati bila mweka hazina hufia selo, kwa hiyo klabu yako ikiigiza Birmingham, lazima mmoja awe mweka hazina.

Shida ya pili ya Birmingham ilikuwa upungufu wa watu. Mtu mzima akikamatwa anapoteza kazi, na kodi ya nyumba haimsubiri. James Bevel, mmoja wa wasaidizi wa King, akapendekeza wanafunzi. Kigezo chake: mtoto aliyefikia umri wa kuwa mshirika wa kanisa anafaa kuandamana, na kwa Wabaptisti umri huo unaweza kuwa wa shule ya msingi. Tarehe 2 Mei watoto zaidi ya 1,000 walitoroka madarasa. Ndani ya siku chache waliokamatwa walizidi 2,000, wakafungiwa hata kwenye viwanja vya maonesho. Malcolm X alilaani kuwaweka watoto mbele ya mapigano, na King mwenyewe alisita. Ukiwa unafundisha watoto wa umri huohuo, kipindi hiki kitawagusa kuliko kingine, na wazazi watauliza. Waandalie majibu.

Montgomery haikuhitaji kujaza jela. Wakuu wa mji ndio waliowakamata viongozi, na hilo likawaletea michango kutoka nje. Selma walimu weusi zaidi ya 100 waliandamana tarehe 22 Januari 1965 huku wengine wakiinua miswaki juu, ishara kwamba wako tayari kulala jela. Mwalimu mweusi wa Alabama alilipwa na bodi ya weupe. Mswaki ule ulikuwa barua ya kuacha kazi. Baada ya walimu, wengine waliokuwa wakiogopa walijitokeza.

Kilichopatikana

Montgomery ilipata mabasi: tarehe 21 Desemba 1956 weusi walikaa popote. Wiki zilizofuata mabasi yalipigwa risasi na makanisa yakalipuliwa.

Albany haikupata kitu alipoondoka King. Maktaba iliyokuwa imefungwa ilifunguliwa kwa wote Machi 1963, lakini meza na viti vilikuwa vimeondolewa: msome pamoja, mkiwa mmesimama. Hata hivyo usiiite Albany mfu. Kwaya ya Freedom Singers ilitoka huko, na vuguvugu la wenyeji liliendelea bila King.

Birmingham ilisukuma hotuba ya Rais Kennedy ya tarehe 11 Juni 1963, na kutoka hapo Sheria ya Haki za Kiraia ya tarehe 2 Julai 1964. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna 15 Septemba 1963, bomu lililowaua wasichana wanne kwenye Kanisa la Mtaa wa 16: Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Mwalimu anayemalizia Birmingham kwenye makubaliano ya Mei anawadanganya wanafunzi.

Selma ilitoa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyotiwa saini tarehe 6 Agosti 1965. Mississippi, weusi walioandikishwa walikuwa kama asilimia 7 kabla ya sheria. Mwaka 1967 walikaribia asilimia 60. Gharama yake ni Jimmie Lee Jackson, James Reeb na Viola Liuzzo, wote waliouawa ndani ya wiki chache. Na sheria haikubaki nzima: mwaka 2013 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyofunguliwa na kaunti ya Shelby ya Alabama, ilibatilisha kanuni iliyotaja ni maeneo yapi lazima yaombe kibali cha Washington kabla ya kubadilisha taratibu za uchaguzi.

Sasa chagua

Kundi la miaka 11 hadi 14, au lisilojua chochote: *Montgomery*. Ina mwanzo na mwisho, na mtoto anaweza kuishika kwa mikono. Panga viti 36: vya mbele 10 kwa weupe, vya nyuma 10 kwa weusi, na 16 vya katikati ambavyo dereva aliamua nani akae. Rosa Parks alikaa hivyo vya katikati, safu ya mbele, na weusi wengine watatu. Mzungu mmoja akakosa kiti, dereva akataka wote wanne wainuke. Kwa mazoezi haya unaondoa kosa la kwanza la kila mtu, kwamba Parks alikaa sehemu ya weupe. La pili ni lile la bibi mzee aliyechoka: alikuwa na miaka 42, katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na Agosti 1955 alikuwa amehudhuria mafunzo katika Highlander, shule ya wanaharakati huko Tennessee.

Kipindi cha pili kiwe cha usafiri. Wape mitaa minne, watu 40 wanaoanza kazi saa moja asubuhi na magari 6, wapange. Watakosea palepale walipobanwa watu wa Montgomery, waliokuwa na magari kama 300. Watasahau mafuta. Watasahau bima: kampuni za kwao zilifuta bima za magari yale, ikabidi wapate ya Lloyd's ya London. Watasahau polisi: King alikamatwa tarehe 26 Januari 1956 kwa kwenda maili 30 kwa saa penye 25. Teksi za weusi zilitoza senti 10 kama basi hadi mji ulipozilazimisha kutoza angalau 45. Onesha pia vipeperushi vya Jo Ann Robinson, mhadhiri aliyekesha chuoni usiku wa kukamatwa kwa Parks na mashine ya kudurufu, akiweka tangazo mara tatu kwenye kila karatasi na kukata vipande, hadi vikawa makumi ya maelfu. King alikuwa na miaka 26 na bado hajaitwa.

Kundi la kidato cha tatu kwenda juu, au viongozi wa asasi: *Albany na Birmingham kwa pamoja*. Hili ndilo chaguo letu la kwanza, na tungeliweka juu hata ya Selma. Anza na Albany, kipindi kimoja, bila kuwaambia mwisho. Wape kazi ya kuandika walikokosea. Halafu Birmingham vipindi viwili, wakitafuta kila kosa lilivyosahihishwa. Barua ya jela usiisomeshe nzima, ni ndefu mno kwa saa moja. Chukua aya za hatua nne na zile zinazojibu tuhuma ya "subirini". Kadi ya ahadi ya waliojitolea ni kifaa kizuri kuliko barua. Ina masharti kumi, na chini ina kazi kwa wasioandamana: kuendesha gari, kupika, kupiga simu, kuchapa kwa taipureta, kugawa vipeperushi. Acha kila mwanafunzi achague kazi moja na aitetee.

Mkiigiza kutukanwa, weka mipaka. Dakika 5 za mchezo, 15 za kuzungumza baadaye, hakuna kugusana, hakuna matusi halisi ya rangi wala ya kabila, na neno moja la kusimamisha kila kitu. Makanisa ya Montgomery yaliigiza hivi kabla ya kurudi kwenye mabasi: viti vikapangwa kama basi, mmoja akawa dereva, wengine abiria wakorofi. Kinachoharibika mara nyingi ni wacheshi kugeuza zoezi kuwa kichekesho. Wape hao jukumu la mwandishi wa habari, waandike wanachoona.

Kundi linalojali katiba na uchaguzi, wanafunzi wa sheria au waangalizi wa kura: *Selma*, lakini uanze na mswaki wa walimu na siku mbili za ofisi, daraja baadaye. Ukianza na Jumapili ya Damu ya tarehe 7 Machi, watu wanabaki na marungu na mabomu ya machozi kichwani na kusahau fomu. Wakumbushe pia kwamba King hakuwapo darajani siku hiyo. Hosea Williams na John Lewis ndio waliowaongoza watu kama 600. Msafara uliofika Montgomery ulitoka Selma tarehe 21 Machi, maili 54 kwa siku tano, na penye barabara nyembamba mahakama iliruhusu watu 300 tu.

Kwa wanafunzi wa Kenya kuna mlango wa nyumbani: Mei 1959 shirika la King, SCLC, lilimfanyia Tom Mboya karamu Atlanta, na King aliandikiana naye kuhusu wanafunzi wa Kenya waliokwenda kusoma Marekani. Utumie kama utangulizi wa dakika kumi. Usiunyooshe ukawa somo zima.

Ukibakiwa na kipindi

Chicago ya 1966 inafaa kwa anayetaka kuona mbinu ikigonga ukuta. King alihamia nyumba ya kupanga mtaa wa Lawndale, akapigwa jiwe kwenye maandamano ya Marquette Park tarehe 5 Agosti, na akatia saini makubaliano ya tarehe 26 Agosti yasiyo na ratiba ya utekelezaji. Linganisha na siku 3, 30 na 60 za Birmingham. Mwaka huohuo kura ya maoni ya Gallup ilionesha asilimia 63 ya Wamarekani hawampendi. Takwimu hiyo humaliza hadithi ya kwamba alipendwa na wote.

Memphis ya 1968 inafaa kwa chama cha wafanyakazi. Wazoa taka 1,300 waligoma kuanzia tarehe 12 Februari baada ya wenzao wawili, Echol Cole na Robert Walker, kusagwa na mashine ya lori la taka. Maandamano ya tarehe 28 Machi yaliingiliwa na vurugu, kijana wa miaka 16, Larry Payne, akauawa na polisi, na King akarudi ili kuthibitisha kwamba yanaweza kufanyika kwa amani. Aliuawa tarehe 4 Aprili. Mgomo uliisha tarehe 16 Aprili: chama chao kikatambuliwa, mishahara ikapanda, na kwa kuwa meya hakutaka manispaa ikate michango ya chama moja kwa moja, ilikubaliwa ikatwe kupitia chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wenyewe.